Datsun 240Z ya 1972 Mwanza: urembo upi wa nje utoke, upi ubaki?

#1 Ziwani240

Wakuu, habari za jioni. Wapenda magari ya zamani wa Kanda ya Ziwa, karibuni tukae hapa.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, injini yake ileile ya L24: silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, kabureta mbili. Ni mali ya mjomba wangu, ameniachia niisimamie kazi yake. Kwa sasa limelala gereji Nyakato, viti na zulia vimeshatoka, na kabla halijaingia kwenye rangi nataka tumalize suala la urembo wa nje. Nikisema urembo nina maana ya vyote vilivyobandikwa, kuchomekwa au kupigiliwa juu ya bodi: mikanda ya ubavuni, vyuma vya nikeli, nembo, pembe za bampa.

Anayelijua gari hili analijua kwa umbo. Boneti ndefu, kioo cha mbele kilicholala, paa linaloshuka taratibu mpaka mkiani. Waliolichora walimaliza kazi yao. Lakini hili la kwetu limepita mikono mingi na kila mkono uliongeza chake. Ubavuni kuna mikanda ya nikeli yenye raba katikati, imepigiliwa ribiti kutoka digadi la mbele hadi la nyuma. Kingo za madigadi zimevishwa vyuma vya kung'aa. Nyuma kuna nembo ya duka lililoliuza, nembo ya klabu, na maandishi ya plastiki yasiyohusiana na Datsun hata kidogo. Ukisimama pembeni jicho linataka kuteleza na ule mstari wa bodi kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, ila kila hatua linajikwaa.

Msimamo wangu: ambacho hakikuwa kwenye mchoro kitoke, na tundu lake lizibwe kwa chuma, siyo puti (ule udongo wa kujazia bodi kabla ya rangi). Chenye kazi kibaki hata kama hakinipendezi. Hapo sina shaka.

Ninapotaka mawazo yenu ni katikati. Maandishi ya "Datsun" kwenye madigadi ya mbele ni ya kiwandani, lakini gari bila hayo linakuwa safi ajabu. Nembo ya Z ya duara kwenye nguzo ya nyuma ya dirisha nayo ni ya kiwandani. Kuna chuma cha nikeli kinachokaa juu ya mfereji wa paa. Na pembe za bampa, zile za wima zenye raba. Nani amewahi kung'oa nini, na gari lilionekanaje baada ya hapo?

#2 bodi_na_rangi

Mkuu Ziwani240, nimepiga rangi magari mengi Mabatini na Igoma, na huu ni uzi niliokuwa nausubiri. Naanza na kung'oa kwenyewe, maana watu wengi wanaharibu bodi hapo kabla hata ya kufika kwenye tundu.

Kwanza jua kilichoshika. Mkanda unaweza kushikwa na ribiti, na skrubu, na klipu zilizobanwa kwenye pini, au na gundi. Kila kimoja kina njia yake, na bisibisi bapa siyo njia ya chochote. Ukichokonoa kwa bisibisi unabonyeza bati, na denti ya kuchokonoa ni mbaya kuliko ya kugongwa kwa sababu ni kali na ndogo, haikubali kunyooka. Tafuta kabari ya mti mgumu au plastiki, bandika tepu ya karatasi kwenye rangi pande zote mbili, kisha nyanyua mkanda karibu na klipu yake, siyo katikati ya klipu mbili. Ukivuta katikati, chuma cha nikeli kinakunjika, na kikishakunjika hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Ribiti inatobolewa kichwa tu. Weka ncha ya drili katikati, mwendo mdogo, na kichwa kikianza kuzunguka chenyewe simama. Ukikaza zaidi unapanua tundu la bodi, na tundu kubwa ni welding kubwa. Mwili wa ribiti unausukuma ndani kwa msumari butu. Halafu sikiliza hili vizuri: vile vipande vinaanguka chini ndani ya mlango. Vitoe vyote, kwa sumaku au mashine ya kufyonza. Mlango una matundu madogo ya kutolea maji chini, na vipande vya ribiti vikichanganyika na vumbi letu vinaziba hayo matundu. Mvua ya masika ikinyesha, mlango unageuka beseni na unaoza kuanzia ndani. Nimeshafungua milango ya namna hiyo.

Vya gundi ni rahisi. Drai ya saluni dakika chache mpaka gundi ilainike, kisha kamba ya nailoni ya kuvulia, unaipitisha nyuma ya nembo na kuivuta huku na huku kama unakata sabuni. Pale Mwaloni Kirumba kamba zimejaa, chagua nene kidogo ili isikatike. Gundi inayobaki isugue kwa kidole na mafuta ya taa kidogo, halafu osha kwa sabuni. Thina usiiguse kwenye rangi ya zamani unayotaka kuibakiza, italainisha rangi pamoja na gundi.

#3 MzeeKabureta

Kijana Ziwani240, mimi nitakuwa upande wa pili, na nitasema kwa upole kwa sababu naona unalipenda hilo gari.

Hilo siyo gari la kawaida katika sehemu hii ya dunia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z, na Shekhar Mehta akaingia wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800. Mehta alizaliwa Uganda, mtoto wa ziwa hili hili upande wa kaskazini. Sisi tulikuwa tunasimama barabarani kwenye vumbi kusubiri magari yale, mekundu yenye boneti nyeusi. Kwetu neno "Datsun" kwenye digadi halikuwa urembo, lilikuwa jina la mshindi.

Na kama hoja ni thamani, kumbuka kilichotokea Marekani Januari 2020. 240Z ya 1971 iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000. Ililipiwa hivyo kwa sababu ilikuwa haijaguswa, kila klipu ilikuwa mahali pake. Tundu ukishaliziba umefuta kumbukumbu ya mahali kitu kilipokuwa. Mwanao akitaka kurudisha, atapima wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu: safisha, ng'arisha, usizibe kitu.

#4 Ziwani240

> MzeeKabureta alisema: Tundu ukishaliziba umefuta kumbukumbu ya mahali kitu kilipokuwa.

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma kwa makini, na sehemu moja nakubaliana nawe kabisa: tundu la kiwandani lina heshima yake. Kabla ya kuziba lolote nitapima kutoka kwenye kingo mbili za bodi, niandike, nipige picha na rula ikionekana. Karatasi hiyo itakaa na gari.

Lakini matundu mengi ya hili gari siyo ya kiwandani. Ribiti za ubavuni zilipigwa mtaani. Ukilinganisha kulia na kushoto, mikanda haipo hata kimo kimoja. Ile ya dola 310,000 ilithaminiwa kwa kuwa haikuguswa. Hii imeguswa, imepigwa rangi juu ya rangi, imetobolewa. Kung'oa mikanda ile ni kulirudisha gari karibu zaidi na lilivyotoka kiwandani. Tofauti hiyo naiona kubwa, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu badala ya kumwambia fundi "safisha kila kitu" na kwenda nyumbani.

Na kuhusu nembo, mzee, hata Nissan wenyewe, wenye jina la Datsun, waling'oa. Gari hili kwao Japani liliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza mauzo yao Marekani, hakulipenda jina hilo kwa soko lake, akaamuru nembo za Fairlady zitolewe na mahali pake ziwekwe 240Z. Jina tunalolitumia leo lilitokana na mtu kung'oa nembo na kuweka nyingine.

#5 MzeeKabureta

Marahaba. Habari ya Katayama naijua, na ni kweli. Ila yeye aling'oa akaweka, hakung'oa akaacha bati tupu. Endelea, nipo nasoma.

#6 Dunga79

Habari zenu watu wa Mwanza, mimi niko Kisumu, ng'ambo ya ziwa. Nimekaa na Z miaka mingi, na kuna jambo moja lazima niliseme kabla mtu hajashika mashine ya welding.

Ziwani240, ile nembo ya Z ya duara kwenye nguzo ya nyuma usiizibe. Msiiangalie kama pambo tu. Magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na matundu ya kutolea hewa kwenye mlango wa nyuma, na kwenye nguzo yaliandikwa 240Z. Wakati wa mwaka 1971 Nissan wakahamisha njia ya hewa kwenye nguzo, na hapo ndipo nembo ya duara ilipokuja. Hewa inayoingia mbele na kupita ndani ya gari inatokea pale. Ukiitoa nembo na kuchomelea bati, umeziba pua ya gari. Utakaa ndani na joto la mchana, vioo vitashika mvuke wakati wa mvua, na harufu ya moshi itakaa nawe.

Ukitaka nguzo iwe tulivu, paka nembo rangi ya gari au nyeusi isiyong'aa. Jicho litaipita.

#7 Ziwani240

Dunga79, ahsante sana. Hili limemaliza mjadala wa nembo ya Z kwangu. Inabaki, ina kazi.

#8 DadaPasiansi

Samahani wakuu, naingilia kidogo. Mimi sina Z, nina Toyota Celica ya miaka ya sabini ya marehemu baba. Nilitoa maandishi ya nyuma, yalikuwa ya gundi, hayakuacha tundu. Tatizo yameacha kivuli. Rangi chini ya herufi ni nyekundu iliyokolea, pembeni imepauka, jina linasomeka kama bado lipo. Sitaki kupiga rangi gari zima kwa sababu rangi ni ya baba. Nifanyeje?

#9 bodi_na_rangi

Dada, pole kwa mzee. Hicho kivuli ni jua. Sisi tupo nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, jua linapiga wima karibu mwaka mzima. Chini ya herufi rangi haikuona jua, ndiyo maana imebaki mbichi.

Kama rangi ni ya zamani kweli, isiyo na klia juu (lile tabaka la mwisho linaloonyesha kama kioo), una bahati. Kilichopauka ni ngozi ya juu tu, chini yake kuna rangi nzima. Jaribu hivi: chukua kitambaa cheupe na kompaundi laini (dawa ya kung'arishia rangi), sugua sehemu ndogo iliyopauka. Kitambaa kikishika wekundu, ujue ni rangi isiyo na klia na unaweza kuifufua. Sugua kwa mkono, eneo pana kuliko kivuli, mpaka pembeni pafanane na katikati. Usisugue kwenye kona za bodi, pale rangi huwa nyembamba na utafika kwenye praima, yaani rangi ya msingi. Ukimaliza paka nta. Kivuli kitapungua sana, na kwenye mwanga wa kawaida huenda usikione.

Kitambaa kikibaki cheupe, kuna klia juu na hesabu ni nyingine. Klia iliyopauka au kuchubuka haifufuki kwa kusugua.

#10 DadaPasiansi

Kitambaa kimeshika wekundu! Wabeja sana mkuu. Nitafanya taratibu.

#11 Kigamboni4x4

Mimi naandika kutoka Dar. Nyie wa Mwanza mna neema ambayo sisi hatuna: ziwa lenu halina chumvi. Huku upepo wa bahari ukiingia chini ya mkanda wa nikeli, ukija kuung'oa unakuta bati limegeuka biskuti. Kwetu swali la kung'oa urembo siyo la sura, ni la kuokoa bodi.

#12 bodi_na_rangi

Kigamboni4x4 umesema kweli kuhusu chumvi, ila wenzangu wa huku wasilale. Kutu inahitaji maji na hewa, chumvi inaiharakisha tu. Vumbi la barabara zetu linaingia chini ya mkanda, linashika umande wa usiku na maji ya kuoshea gari, na halikauki. Hapo rangi ikishakwanguliwa na ukingo wa mkanda, bati linaanza. Tena chuma cha nikeli au kisichoshika kutu kikigusana na bati tupu penye unyevu, bati ndilo linaloliwa. Ndiyo maana kutu utaikuta imefuata mstari wa mkanda kama imechorwa kwa rula.

Kwenye Z mahali pa kwanza pa kuangalia ni juu, kwenye mfereji wa paa. Kile chuma cha nikeli kimebanwa juu ya ukingo wa mfereji, na chini yake maji yanakaa. Kitoe hata kama utakirudisha.

Na hapa Ziwani240 nikujibu swali lako. Chuma cha juu ya mfereji kinaweza kutoka na kubaki nje, mfereji ukapigwa rangi ya gari, na gari linapendeza. Lakini mfereji wenyewe usikatwe. Kuna watu wanaona picha za magari yaliyosawazishwa paa, wanamwambia fundi asage ukingo wote uwe laini. Ukingo ule ndipo bati la paa linapokutana na bati la ubavu, umeshikiliwa na nukta za welding. Ukiusaga unafungua mshono wa gari. Na maji yote ya paani yanamwagika shingoni kwako kila ukifungua mlango siku ya mvua.

#13 mwanafunzi_wa_spana

Naomba kueleweshwa wakuu. Kwa nini mnapinga puti kwenye tundu? Hapa mtaani naona fundi anaweka kipande cha tepu nyuma, anajaza puti, anapiga msasa, haionekani kitu.

#14 bodi_na_rangi

Haionekani siku ya kuchukua gari. Ndiyo maana mteja analipa na kuondoka ana furaha.

Puti ni kama sifongo ngumu, inanyonya unyevu. Mbele umeifunika kwa rangi, lakini nyuma, ndani ya mlango au digadi, ipo wazi. Unyevu unaingia kwa nyuma, ukingo wa tundu unashika kutu, puti inavimba. Tena bati na puti havitanuki sawa vikipigwa na jua la mchana. Masika moja au mawili, unaanza kuona duara dogo kwenye rangi. Kwenye mkanda wa ubavu wenye ribiti kwa mstari, unapata vipele vilivyopangwa kutoka mlango hadi digadi. Gari la rangi nzuri linaonekana lina ugonjwa wa ngozi.

Njia sahihi ni hii, nitaieleza kwa urefu maana ndiyo moyo wa kazi yote. Safisha rangi kuzunguka tundu pande zote mbili mpaka bati jeupe. Gonga ukingo wa tundu kidogo uingie ndani kama kisahani, ili welding ikae chini ya usawa wa bodi na usilazimike kusaga sana. Nyuma shikilia kipande cha shaba nene. Welding haigandi kwenye shaba, kwa hiyo inakuwa kama sakafu ya kumwagia, na shaba inanyonya joto. Tumia mashine ya waya ya CO2, waya mwembamba, nukta moja, acha. Nenda tundu la mbali, piga nukta, acha. Urudi la kwanza likiwa limepoa hata mkono unalishika. Bati la gari hizi ni jembamba, ukilipasha mahali pamoja linajikunja, na ubavu mkubwa uliojikunja unaonyesha mawimbi kwenye rangi ya kung'aa hata ukipiga puti debe zima. Usimwagie maji ili upoze haraka.

Saga taratibu, kwa vipindi, maana hata kusaga kunapasha joto. Kisha praima ya epoksi mbele na nyuma. Nyuma mnaisahau kila siku! Baada ya hapo puti nyembamba ya kusawazisha inaruhusiwa, juu ya praima. Puti siyo adui, adui ni puti inayofanya kazi ya bati.

#15 Sengerema_kwetu

Naongeza la usalama. Digadi za mbele za Z zimefungwa kwa bolti, zitoe uchomelee juu ya meza. Za nyuma ni sehemu ya bodi, na tangi la mafuta lipo chini kule nyuma na mdomo wake upo ubavuni. Kabla ya nukta hata moja upande huo, tangi litoke nje ya gari pamoja na mipira yake. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Betri ichomolewe pia, pamoja na waya za alteneta. Ndani toa kila kitambaa na sponji nyuma ya bati unalochomelea, na mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto kazi yake ikiwa kutazama tu.

Nilishuhudia gereji moja, siitaji, zulia likishika moto chini ya dashibodi wakati fundi yupo nje anachomelea. Hakuona mpaka moshi ulipotoka dirishani.

#16 Kigamboni4x4

Vipi kuhusu bampa? Wengi naona wanatoa zote mbili, Z inakaa kama ya mashindano.

#17 Ziwani240

Nimeliwaza sana hilo. Bila bampa kabisa mbele panakuwa na mdomo wazi, taa za indiketa zinazokaa chini ya bampa zinabaki hazina kinga, na matundu ya vishikio yanahitaji kuzibwa pia. Halafu hapa ni Mwanza. Nyerere Road saa kumi na moja jioni, bodaboda wanapita kulia na kushoto, daladala linasimama ghafla. Bampa zinabaki.

Ninachotaka kutoa ni zile pembe za wima. Bampa ya Z peke yake ni nyembamba na nzuri, inazunguka kona na kuishia ubavuni kwa utulivu. Pembe ndizo zinazoifanya ionekane nzito. Tatizo zinaacha matundu kwenye nikeli, na nikeli huwezi kuchomelea bila kuipeleka kuchovywa upya.

#18 Dunga79

Kuna njia ya kati. Toa pembe, tafuta bolti za kichwa cha duara bapa, zing'arishwe au zichovywe nikeli, uzifunge kwenye yale matundu. Zinafanana na bolti nyingine za bampa, mtu anadhani zilizaliwa pale. Siku ukitaka pembe zako, unafungua bolti, unarudisha. Hujachomelea, hujapoteza.

#19 MzeeKabureta

Hiyo ya Dunga79 naikubali kwa moyo wote. Kinachorudishika hakinisumbui.

Na niongeze jambo la makaratasi ambalo vijana hamlitaji. Kadi ya gari imeandikwa rangi. Mkiamua kubadilisha rangi kwa kuwa tayari mmevua kila kitu, nendeni TRA kadi irekebishwe, na bima ijulishwe. Gari jekundu lenye kadi ya rangi ya chungwa litakusumbua kila kituo cha ukaguzi.

#20 Ziwani240

Mzee, rangi inabaki ileile, chungwa la kiwandani, namba 918. Chini ya tabaka tatu za rangi nyingine tumeikuta hai ndani ya mlango. Ila ahsante kwa kukumbusha.

Nimekaa na mjomba jana tukausoma uzi huu pamoja, na haya ndiyo tuliyoafikiana. Mikanda ya ubavuni inatoka na ribiti zote zinachomelewa kwa njia ya bodi_na_rangi. Vyuma vya kingo za madigadi vinatoka, na kutu iliyo chini yake tutaikata na kuweka bati jipya. Maandishi yote ya nyuma yanatoka isipokuwa ya kiwandani. Nembo ya Z inabaki, njia yake ya hewa inasafishwa. Chuma cha mfereji wa paa kinatoka, mfereji unatibiwa na kupigwa rangi. Bampa zinabaki bila pembe, kwa bolti za Dunga79.

Kuhusu "Datsun" kwenye madigadi, hapo mjomba alininyamazisha. Alisema na yeye alisimama barabarani akiwa mtoto kuyasubiri magari ya Safari, na jina lile ndilo aliloweza kulisoma vumbi lilipopita. Kwa hiyo linabaki, pande zote mbili. Mzee Kabureta, hilo ni lako.

Vinavyotoka havitupwi. Kila chuma kitafungwa kwenye ubao ulionyooka ili kisipinde, klipu zake kwenye mfuko wenye jina la mahali zilipotoka.

Swali la mwisho: vyuma vya nikeli vinavyozunguka kioo cha mbele. Fundi wa vioo anasema avitoe tu, gari litakuwa safi zaidi. Raba tunabadilisha vyovyote vile kwa sababu imepasuka.

#21 bodi_na_rangi

Asivitoe hivi hivi. Chuma kile kimekaa ndani ya mfereji wa raba. Ukikitoa na kubakiza raba ya aina ileile, unabaki na mfereji mtupu kuzunguka kioo kizima, unashika vumbi na maji, na maji yanatafuta njia ya kwenda kwenye fremu ya kioo. Pale chini ya kioo ukiota kutu, kuitibu ni kutoa kioo tena.

Una njia mbili. Uagize raba isiyo na mfereji, au ununue raba ya kawaida na urudishe chuma. Ukirudisha, chuma kiingizwe kwenye raba wakati kioo kipo mezani, kabla hakijaenda kwenye gari. Fundi akikwambia atakichomeka kioo kikiwa kimeshakaa, tafuta mwingine, maana hapo ndipo vyuma vinapokunjwa na vioo vinapopasuka. Mimi ningekirudisha. Ni chembamba, kinafuata mstari wa kioo, na ni cha mchoro wa kwanza.

#22 Ziwani240

Kinarudi basi. Nitaagiza raba yenye mfereji. Ribiti za mlango wa kushoto tunaanza Jumamosi asubuhi, picha zitafuata hapahapa.

#23 Sengerema_kwetu

Jumamosi nitavuka daraja la Kigongo–Busisi nije Nyakato. Kipande cha shaba ninacho, nene ya kutosha, nitakuja nacho.